Alilisha Kwanza, Akauliza Baadaye

Katika usharika wetu wa Kiswahili hapa Minnesota kuna swali ambalo wazazi huulizana kwa sauti ya chini. Huulizana kwenye maegesho ya magari baada ya ibada, au jikoni wakati wa kuosha vikombe vya chai: watoto wetu watabaki kanisani? Tulitoka nyumbani na Biblia na kitabu cha nyimbo ndani ya mabegi. Tukapata mahali pa kuabudia, mchana, wenyeji wetu wakishamaliza ibada yao ya Kiingereza, kwa kuwa jengo ni lao. Tukawafundisha watoto Sala ya Bwana kwa Kiswahili, hata wale ambao kwa mambo mengine yote hutujibu kwa Kiingereza. Na bado swali lipo.

Kwetu sisi swali hilo liliingia nyumbani Jumamosi moja jioni, mwezi wa tatu. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alitukuta sebuleni tukipiga pasi nguo za ibada. Akasema kwa utulivu kwamba kesho hatakwenda, na Jumapili itakayofuata pia hatakwenda. Alisema hajui tena kama anaamini, na hataki kusimama kwenye kwaya akiimba maneno asiyoweza kuyasema kwa moyo. Hakugombana na mtu. Alitutakia usiku mwema akapanda ngazi kwenda kulala, nasi tukabaki na pasi mkononi.

Haya tunayoandika ameyasoma mwenyewe kabla hatujayapeleka kwa wahariri, na ameruhusu yachapishwe bila jina lake. Tunayatoa kwa ajili ya wazazi wenzetu ambao wana mtoto wa namna hiyo nyumbani, au watakuwa naye.

Mwezi wa tano Bibi alikuja kutoka Marangu kwa ajili ya mahafali ya mjukuu wake. Ni mama wa mmoja wetu, ana miaka sabini na sita, na tangu ujana wake amekuwa mwanamke wa maombi. Jumapili ya kwanza aliona mjukuu wake amebaki nyumbani na nguo za kulalia. Aliangalia, akachukua mkoba wake, akapanda gari. Njiani hakuuliza kitu. Jumapili ya pili ilikuwa vilevile. Sisi tulikuwa tukingoja Bibi aseme neno, kwa maana mtoto huyu anamsikiliza Bibi kuliko anavyotusikiliza sisi. Bibi hakusema neno.

Ndipo tukapanga chakula cha jioni. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kumpongeza mhitimu na kumwaga Bibi, ambaye alibakiza siku mbili asafiri. Sababu ya pili tuliijua sisi wawili tu: tukishakula, mbele ya Bibi, tungemwuliza binti yetu amekusudia nini na wokovu wake, kabla hajaondoka mwezi wa nane kwenda chuo katika jimbo jingine. Mahali pa kula alichagua yeye, kwa kumwonea huruma mdogo wake wa miaka kumi na mmoja, ambaye hupenda kitu chochote chenye moto. Alichagua mgahawa wa Kijapani, ule ambao mpishi hupika mbele yenu juu ya bamba la chuma.

Wengi wenu mmewahi kula huko. Kwa wale wa nyumbani watakaosoma kitabu hiki, tueleze kidogo. Wajapani huita mapishi hayo tepanyaki, maana yake kuchoma juu ya bamba la chuma. Yalianza kuuzwa mgahawani katika mji wa Kobe mwaka 1945, vita ilipokwisha, na waliyapenda zaidi wageni kuliko Wajapani wenyewe. Mwaka 1964 kijana mmoja kutoka Tokyo, Hiroaki Aoki, alifungua mgahawa wa namna hiyo New York. Mtaji wake ulitokana na kuuza aiskrimu mitaani Harlem. Mgahawa ulianza na meza nne tu, ukawa kampuni kubwa, na wengine wengi wakaiga. Wamarekani huita mapishi haya hibachi, ingawa kule Japani hibachi ni kitu kingine: chombo cha kuwekea makaa, cha kuotea moto ndani ya nyumba wakati wa baridi. Tulipomweleza Bibi hayo ndani ya gari alisema, “Kumbe ni jiko la mkaa.” Akaridhika.

Mlangoni alisimama. Kulikuwa na sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, ya mtu mnene anayecheka, na miguuni pake watu walikuwa wamedondosha sarafu. Bibi akauliza, “Mwanangu, hapa tunaingia hotelini au hekaluni?”

Tulimjibu kwamba ni pambo tu, wameliweka kupendezesha mlango. Binti yetu alikuwa nyuma yetu, na tulimwona amekaza uso, kama anayengoja mahubiri. Bibi aliitazama sanamu kutoka juu hadi chini. Kisha akasema, “Haya. Paulo alisema tule, tusiulize-ulize.” Akapita. Binti yetu akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka namna hiyo tangu Krismasi.

Ni maneno mazito kuliko yanavyosikika. Waumini wa Korintho waliishi katika mji ambao nyama nyingi sokoni ilikuwa imepitia mahekaluni. Je, Mkristo anunue? Je, akialikwa na jirani asiyeamini, aende? Katika sura ya 10 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anawaambia wanunue, waende, wale kinachowekwa mbele yao bila kufanya uchunguzi kwa ajili ya dhamiri, kwa kuwa dunia na vyote vilivyomo ni vya Bwana. Akiwepo mtu wa kuwaambia kwamba nyama hii imetolewa kwa sanamu, hapo waiache, kwa ajili ya huyo mtu. Hata katazo lenyewe ni kwa ajili ya kumtunza aliye karibu. Bibi alijifunza sura hiyo katika darasa la Biblia la wanawake, miaka mingi iliyopita, na siku ile ilimvusha mlango.

Ndani tukaonyeshwa meza yetu. Na hapa mpango wetu ulikutana na fundi seremala.

Meza ya namna hii si meza ya mazungumzo. Katikati kuna bamba la chuma, pana kama mlango wa kabati, na watu nane huketi kwa kulizunguka pande tatu. Upande wa nne husimama mpishi. Kila mtu anautazama moto. Na kwa kuwa viti ni vinane, msipotosha mnaongezewa watu msiowajua. Sisi tulikuwa watano. Tukaongezewa baba, mama na mtoto wao wa kiume wa miaka sita hivi, Wamarekani, aliyekuwa na siku yake ya kuzaliwa. Mhudumu akatupanga yeye mwenyewe: mmoja wetu kwenye kona hii, mwenzake kwenye kona ya mbali, na binti yetu katikati, Bibi kushoto kwake na mtoto wa wageni kulia kwake.

Tukaangaliana kutoka kona hadi kona. Huwezi kumhoji mtu kuhusu wokovu wake huku umeketi viti vitatu kutoka kwake, na mtoto wa watu yuko hapo anapuliza puto. Tulielewana kwa macho: si leo.

Ikaja supu ya vitunguu, nyepesi kama maji ya chai. Ikaja kachumbari yenye tangawizi. Kisha akaja mpishi akisukuma kitoroli chake, kofia nyekundu ndefu kichwani, mikononi kisu na mwiko bapa wa chuma, akaanza kuvigonganisha kwa mdundo. Mdogo mtu alishafungua mdomo kwa furaha. Hapo ndipo Bibi alipoinua mkono.

“Subiri kidogo, baba,” alimwambia mpishi, kwa Kiswahili.

Mpishi hakujua neno hata moja, lakini mkono aliuelewa. Aliweka kisu chini, akaweka mwiko chini, akashusha mikono. Bibi akafumba macho akaanza kuomba. Hakuomba kwa kunong'ona. Bibi huomba kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili.

Mzazi yeyote aliyelea mtoto katika nchi hii anajua tulichokiogopa. Tulimtazama binti yetu, tukitegemea aone aibu. Yule mtoto wa wageni akamvuta mkono wa blauzi, akamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia, “Anaongea na nani?”

“Na Mungu,” binti yetu akajibu.

“Anamwambia nini?”

Tulidhani atasema “nyamaza” au “mambo ya chakula tu.” Badala yake aliinamisha kichwa karibu na kichwa cha yule mtoto, akawa anamtafsiria, sentensi baada ya sentensi, polepole, kama anavyowatafsiria kina mama wetu wakienda kliniki. “Anamshukuru kwa ajili ya moto na chakula. Anamwombea mpishi. Anamwombea mama wa mpishi, popote alipo. Sasa anakuombea wewe.”

“Mimi? Ananijua?”

“Hakujui. Huwa anaombea kila aliyeko mezani.”

Baba wa yule mtoto akavua kofia yake, akaiweka magotini.

Kisha Bibi akamwombea mjukuu wake. Sisi wawili tulikaza masikio, kwa sababu tulijua Bibi ameona yale Jumapili mbili. Tulingoja aseme, “Mrudishe nyumbani mwako.” Hakusema hivyo. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto amemaliza shule, akamwomba amtunze huko aendako, ampe marafiki wema na chakula cha kutosha, na asimwache peke yake. Binti yetu aliyatafsiri hayo pia, kwa sauti iliyopungua kidogo. Akamwambia yule mtoto, “Na hapa ananiombea mimi.” Bibi akasema Amina, sisi tukaitikia, na binti yetu akaitikia.

Hatudai kwamba Amina ile ilikuwa ungamo la imani. Huenda ilikuwa heshima kwa Bibi, na heshima ni kitu chema. Tunasimulia tu yaliyotokea.

Mpishi aliuliza ile ilikuwa lugha gani. Tulipomwambia, alisema yeye ametoka Mexico, na mama yake huomba vivyo hivyo, mpaka chakula kinapoa. Tulicheka meza nzima, na wageni wetu wakacheka. Kisha akafanya kazi yake. Akapanga vipande vya kitunguu kama kichuguu, akamimina mafuta, mwali wa moto ukapaa, na Bibi akaegemea nyuma na kusema, “Huyu anapika au anacheza ngoma?” Akazungusha yai juu ya mwiko, akalirusha, akalidaka kwenye kofia. Bibi hakupenda. “Yai la watu hilo, mwanangu, usilivunje.” Akarusha kipande cha kamba kwa mdogo mtu akidake kwa mdomo, cha kwanza kilimpiga kwenye paji la uso, cha pili akakipata, na yule mtoto wa wageni akampigia makofi.

Wali ulipoiva, mpishi aliuchota akampa Bibi kwanza, kabla ya yeyote. Vivyo hivyo nyama, vivyo hivyo mboga. Kwetu mlimani, mbuzi akichinjwa, mgawaji lazima ajue kila sehemu ni ya nani. Ukikosea kipande umemkosea mtu. Bibi alimtazama yule kijana anavyohudumu, akasema, “Huyu amefundwa kwao.” Alikula akamaliza, na Bibi si mtu wa kumaliza chakula cha hotelini.

Kwa muda wa saa moja na nusu hakuna aliyemwuliza binti yetu kitu zaidi ya “nipitishie sosi” na “umeshiba?” Alimfundisha Bibi kushika vijiti. Alimwonyesha yule mtoto jinsi ya kuhesabu mpaka kumi kwa Kiswahili. Alitueleza habari za chuo, bila kuulizwa: chumba chake, mwenzake wa chumbani, kozi anayoihofia. Tulikuwa na miezi mitatu hatujamsikia akisema mengi hivyo. Mezani hapakuwa na mtu anayemkabili, naye alikuwa ameketi nasi akiutazama moto uleule tulioutazama sisi.

Usiku ule, nyumba ilipotulia, tulifungua Injili ya Yohana sura ya 21. Tumeisikia ikihubiriwa mara nyingi baada ya Pasaka, lakini safari hii tuliisoma kama wazazi. Petro amemkana Bwana wake mara tatu. Amerudi kuvua samaki, yeye na wenzake, saba kwa jumla. Usiku kucha hawakupata kitu. Alfajiri Yesu yuko ufukweni, na tayari amewasha moto wa makaa, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Zingatia mpangilio: kabla samaki wao 153 hawajahesabiwa, chakula kilikuwa kimeshaiva. Anawaambia walete na wa kwao pia, kisha anawaita kula. Anachukua mkate, anawapa. Na samaki, vivyo hivyo. Bwana aliyefufuka amesimama motoni kama mpishi, na anayemhudumia ni mtu aliyesema hamjui.

Kuna jambo jingine pale. Katika Kiyunani cha Agano Jipya, neno linalotumika kwa moto huo wa makaa linapatikana mara mbili tu, zote katika Yohana. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa akiota moto na kukana. Mara ya pili ni hapa ufukweni. Petro alisikia harufu ileile ya makaa. Alijua swali linakuja. Na bado alipewa samaki kwanza.

Swali lilikuja. Hatutaki mtu aseme tunafundisha wazazi wasiulize. Wapo katika usharika waliotuambia kwa upendo kwamba tunambembeleza mtoto, na kwamba nafsi ni jambo zito kuliko adabu ya mezani. Nafsi ni jambo zito kweli. Yesu alimwuliza Petro, tena mara tatu, mpaka Petro akahuzunika. Lakini aliuliza baada ya kula. Na alipouliza, hakumwuliza kwa nini alimkana, wala hakumtajia usiku ule. Alimwuliza kama anampenda. Kisha, kila alipojibu, alimpa kazi ya kulisha.

Basi tukangoja. Bibi akasafiri, uwanja wa ndege alimshika mjukuu wake mikono yote miwili, akamwambia, “Ule vizuri huko,” akaingia ndani. Wiki tatu baadaye, usiku, binti yetu alitukuta jikoni tukimenya ndizi za kesho yake. Akachukua kisu akaanza kumenya nasi. Hapo mmoja wetu akamwuliza, si kwa nini haji kanisani, bali ni nini kinachomwuma.

Akatuambia. Rafiki yake wa shuleni alikuwa na saratani. Binti yetu na vijana wenzake walimwombea kuanzia kiangazi mpaka Krismasi, na walifunga pia. Mwezi wa kwanza yule rafiki alifariki. Katika siku zile za msiba mtu mzima mmoja, mwamini, akitaka kumfariji, alimwambia kwamba kama imani yao ingetosha, rafiki yake angepona. Maneno hayo alikuwa ameyabeba peke yake tangu hapo. Kila tulipofungua wimbo kanisani, yeye alikuwa akisikia hayo.

Hatutamtaja aliyesema, na tunaamini hakukusudia ubaya. Lakini tunawasihi ndugu zetu wote: maneno hayo si Injili. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa, akapewa neema. Katika waraka wa pili kwa Timotheo anaandika kwamba amemwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Huyo ni mtume aliyeona watu wengi wakiponywa, na anamwacha mwenzake kitandani, wala hasemi kwamba imani ya Trofimo ilikuwa pungufu. Tulimwonyesha binti yetu mistari hiyo jikoni palepale, vidole vikiwa na utomvu wa ndizi. Alikuwa hajawahi kumsikia Trofimo. Akaisoma mara mbili. Kisha akalia, nasi tukalia naye, kwa ajili ya rafiki yake, kwa muda ambao msiba wenyewe haukupewa wakati ule.

Hakusema, “Basi nimeamini.” Sisi pia hatukumwuliza. Hatuna jibu la kwa nini yule binti hakupona, na tulimwambia hivyo. Tunachojua ni kwamba kama tungemkabili kwa swali tulilolibeba kwenda nalo mgahawani, angetupa jibu lililolingana na swali lile: fupi, lenye ukuta. Habari ya rafiki yake isingetoka. Ilihitaji meza isiyokuwa na mahakama, na Bibi aliyemwombea chakula cha kutosha.

Wazazi wenzetu, tunayo meza. Huenda ndicho kitu pekee tulicho nacho ambacho watoto wetu bado wanakijia wenyewe, hata wale walioacha kuja ibadani. Tuilinde. Tusiigeuze kuwa mahali pa kesi. Mtoto akiketi, apewe sehemu yake kama mwenye haki nayo, aombewe kwa jina lake mambo ambayo yeye mwenyewe angeyataka, na apewe kazi. Kina mama wa usharika hawakuacha kumpigia simu binti yetu awatafsirie kliniki, hata katika miezi ile, na hakuna aliyemwambia kwamba kwanza aje ibadani. Tunawashukuru kuliko wanavyojua. Bila kufahamu, walikuwa wakimwachia lile agizo la ufukweni.

Sasa yuko chuoni. Hatujui Jumapili asubuhi huwa wapi. Jioni hupiga simu, na jambo la kwanza huuliza tumepika nini. Jumapili iliyopita tulimwambia ni ndizi na nyama. Akanyamaza kidogo, akasema Krismasi anakuja, tumwekee. Hakusema kama atakwenda nasi ibadani. Tulimwambia tutamwekea.